Mkono wa roboti haujafika Guta, lakini mshono wake umeshafika

Ni ukweli usiopingika kwamba vyuma vingi vinavyoingia vijijini kutoka nje ya nchi vimeunganishwa bila mkono wa binadamu kugusa mshono. Fremu ya pikipiki inayobeba gunia la mihogo kutoka Guta hadi Bunda mjini, rimu ya basi dogo linalopita barabara kuu ya Mwanza na Musoma, na hata kiti cha dereva wa basi hilo, ni vitu ambavyo viwanda vikubwa vya India, China na Japan huvichomelea kwa mikono ya roboti. Mkono huo wenyewe haujazoeleka kando ya Ghuba ya Speke, na huenda ikachukua miaka mingi kabla haujazoeleka. Kazi yake, hata hivyo, imeshafika, imepangiwa bei na inauzwa.

Jambo hili linamhusu mkulima wa pamba, mvuvi wa dagaa na mfanyabiashara mdogo wa Guta kwa sababu moja kubwa. Kila mmoja wao hununua chuma kilichochomelewa, na kila mmoja hubeba hasara pale mshono unapoachia. Linamhusu zaidi fundi wa kuchomelea, ambaye siku hizi analinganishwa na mashine asiyopata kuiona. Wateja wanaolalamika kwamba mkokoteni wa hapa nyumbani haudumu kama pikipiki ya kiwandani wanasema kweli, ila wengi hawajui sababu. Sababu hiyo ikieleweka, dawa yake itaonekana kuwa rahisi kuliko wanavyodhani.

Kutoka jukwaani hadi kiwandani

Neno roboti lina umri wa karne moja. Lilitokana na mchezo wa kuigiza wa mwandishi wa Kicheki Karel Čapek wa mwaka 1920, na asili yake ni neno lenye maana ya kazi ya shuruti. Mkono wa roboti wa kiwandani ulichelewa. Mmarekani George Devol aliomba hataza yake mwaka 1954, akashirikiana na mhandisi Joseph Engelberger, na mwaka 1961 mkono wao ulioitwa Unimate uliingia katika kiwanda cha General Motors jimboni New Jersey. Kazi uliyopewa ilikuwa ile waliyoichukia watu: kutoa vyuma vya moto kwenye kalibu na kuvipanga.

Wenye viwanda wengi hawakuvutiwa haraka. Ndipo mwaka 1966 Unimate ilipopelekwa kwenye kipindi maarufu cha televisheni cha Johnny Carson. Mbele ya mamilioni ya watazamaji ilisukuma mpira wa gofu hadi kwenye kikombe, ikamimina bia na ikapunga kifimbo kuongoza bendi. Watu walicheka. Miaka 3 baadaye, mwaka 1969, hawakuwa tena na cha kuchekea: kiwanda cha General Motors cha Lordstown, Ohio, kiliweka mikono hiyo kuchomelea mabodi ya magari, na mwaka huohuo kampuni ya Kawasaki ilianza kuitengeneza nchini Japan kwa kibali cha wenye hataza.

Michezo hiyo haijaisha. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 kampuni ya KUKA ya Ujerumani ilitoa mkono wa kiwandani uliofungwa viti, ukawa bembea ya kurusha watu hewani kwenye viwanja vya burudani. Mwaka 2014 meli ya kitalii ya Quantum of the Seas ilianza safari ikiwa na baa ambayo mikono miwili ya roboti huchanganya vinywaji. Mwaka huohuo KUKA ilitoa filamu ikionyesha mkono wake ukicheza tenisi ya mezani na bingwa wa Ujerumani, Timo Boll. Filamu hiyo ilikuwa tangazo la biashara, si mashindano.

Msomaji anaweza kuuliza mzaha huo unamsaidia nini mtu wa Guta. Unamsaidia katika mambo mawili. Kwanza, mchezo ule ulikuwa na hesabu ndani yake. Mkono unaoweza kumimina kinywaji bila kumwaga tone una uwezo wa kushika mwenge wa kuchomelea na kuupitisha kwenye mstari bila kutetemeka. Kilichoonyeshwa kwa kicheko ndicho kilichokuja kuuzwa kwa fedha nyingi.

Pili, maonyesho huchagua cha kuonyesha. Mkulima wa Mara anayekwenda Nane Nane viwanja vya Nyakabindi huko Bariadi anaifahamu hali hiyo, ingawa huenda hakuipa jina. Mashine ya kupukuchua mahindi inapowashwa mbele ya umati hulishwa mahindi makavu, safi, na fundi wake yuko pembeni. Swali la maana ni lile lisiloulizwa: itafanya nini ikilishwa mahindi mabichi kidogo, mwezi wa tatu baada ya kununuliwa, na spea yake iko wapi? Waliofaidika na roboti ni wale waliouliza maswali ya namna hiyo baada ya kicheko kwisha.

Mfano mzuri unatoka kijiji cha Genarp, kusini mwa Sweden. Mwaka 1974 kampuni ya ASEA ilipotoa mkono wa roboti uliotumia umeme na kuongozwa na kompyuta ndogo, mteja wa kwanza alikuwa karakana ndogo ya familia ya kijijini hapo, wala si kiwanda kikubwa cha magari. Karakana ile ilikuwa na kazi ya kung'arisha mabomba ya chuma kisichoshika kutu, kazi ya vumbi, ya kuchosha na ya kurudiarudia. Walijua tatizo lao kabla ya kununua mashine. Hilo ndilo somo.

Siri iko kwenye kalibu

Mkono wa roboti wa kuchomelea kwa kawaida una viungo 6. Kimoja kiko kwenye kitako, kimoja begani, kimoja kwenye kiwiko, na vitatu kwenye kiganja. Kila kiungo kina mota na kifaa cha kupima kimegeuka kwa kiasi gani. Fundi huushika mkono huo, au hutumia kibao chenye vitufe, akauonyesha pa kuanzia, pa kupita na pa kuishia. Ukishafundishwa, hurudia njia ileile usiku na mchana, kwa tofauti isiyofika sehemu moja ya kumi ya milimita. Waya wa kuchomelea hulishwa wenyewe, mwendo haubadiliki, na umbali kati ya ncha na chuma haubadiliki. Ndiyo maana mshono wake hulala sawa kama ushonaji wa cherehani.

Lakini mkono huo, kwa hali yake ya kawaida, ni kipofu. Haujui kama chuma kipo. Kipande kikikaa milimita 3 pembeni, utachomelea hewa kwa unadhifu uleule, tena bila aibu. Vipo vifaa vya ziada vya kuutafutia mshono, vikiwamo vya mwanga wa leza, lakini navyo huongeza gharama na husaidia tu pale tofauti ni ndogo. Kwa mantiki hiyo, kabla kiwanda hakijanunua roboti, hulazimika kwanza kufanya mambo mawili: kukata vipande vyote kwa kipimo kimoja, na kutengeneza kalibu ya kuvishikilia ili kila kipande kikae mahali palepale kila mara.

Hapa ndipo ilipo siri ambayo matangazo hayaisemi. Sehemu kubwa ya ubora unaosifiwa kuwa wa roboti ni ubora wa kipimo na kalibu. Roboti huongeza kasi na uvumilivu. Kalibu ndiyo inayoleta unyoofu, na kalibu haihitaji kompyuta. Inahitaji bamba nene la chuma lililonyooka, vizuizi vilivyochomelewa juu yake, vibano vichache, rula na fundi mwenye subira. Vitu hivyo vinapatikana Bunda mjini, na vingine vimelala kwenye marundo ya vyuma chakavu.

Dunia inakwenda wapi

Wapo watakaosema kwamba habari za roboti ni za Wazungu na Wajapani, zisubiriwe. Takwimu zinasema vingine. Kwa mujibu wa Shirikisho la Kimataifa la Roboti, mwaka 2023 viwanda vya dunia vilikuwa na roboti zaidi ya milioni 4 zinazofanya kazi, na mwaka huo pekee zilifungwa mpya zaidi ya 540,000. Zaidi ya nusu ya hizo mpya zilifungwa China. Korea Kusini ilikuwa na roboti 1,012 kwa kila wafanyakazi 10,000 wa viwandani. Bajaj Auto ya India, ambayo jina lake limekuwa neno la Kiswahili, ilianza mwaka 2010 kutumia mikono midogo ya kampuni ya Universal Robots ya Denmark kwenye mistari ya kuunganisha pikipiki.

Maana yake kwa mfanyabiashara wa Guta ni hii: bidhaa za chuma kutoka nchi hizo zitazidi kuwa nyingi na zinazofanana. Pale Dar es Salaam, jina la kijiji hiki cha Bunda ni jina la chombo cha magurudumu matatu cha kubebea mizigo. Maguta hayo, ya kukanyaga na ya injini, yamebadili biashara ndogo za mjini. Yakizidi kuingia vijijini, mkokoteni wa ng'ombe unaotengenezwa na fundi wa karibu utapimwa nayo kwa bei na kwa uimara. Fundi asiyejiandaa atabaki na kazi ya kuziba nyufa za kazi za wengine.

Hata hivyo, si kweli kwamba eneo hili la Afrika halina uwezo. Mwaka 2013 jiji la Kinshasa liliweka barabarani roboti za kuongoza magari, zenye umbo la mtu, mikono ya kusimamisha na kuruhusu, taa na kamera, zikitumia umeme wa jua. Zilitengenezwa palepale Kongo, kwa alumini, na kikundi cha wahandisi wanawake kikiongozwa na Thérèse Izay. Wengi waliziona kama kichekesho cha barabarani. Kwa fundi, jambo la kuangalia lilikuwa kwamba kikundi kidogo kiliweza kubuni, kukata, kuunganisha na kuzitengeneza tena zinapoharibika.

Kwenye kuchomelea kwenyewe, Tanzania ina mifano mikubwa zaidi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Likiunganishwa kwa vipande vya meta 18, hesabu inafika mishono kama 80,000. Kwenye kazi ya namna hiyo mshono mmoja mbovu unatosha kuleta maafa, hivyo mchomeleaji hupewa mtihani kabla ya kukabidhiwa kazi, na mshono hukaguliwa kwa vipimo vinavyoona ndani ya chuma.

Karibu zaidi na Guta, meli mpya ya MV Mwanza ilijengwa katika Bandari ya Mwanza Kusini chini ya mkandarasi kutoka Korea Kusini, nchi hiyohiyo inayoongoza kwa roboti viwandani. Ilishushwa majini Februari 12, 2023. Ina urefu wa zaidi ya meta 92 na imekusudiwa kubeba abiria 1,200, tani 400 za mizigo na magari 20. Meli kubwa namna hiyo, iliyounganishwa kando ya ziwa hilihili, inaonyesha kwamba kazi kubwa ya chuma inaweza kufanyika Kanda ya Ziwa. Kinachohitajika ni michoro, vipimo na ukaguzi.

Hasara inayoonekana shambani

Sasa turudi kwenye mkokoteni, maana huko ndiko fedha ya mkulima inakopotelea. Ekseli ya mkokoteni ina ncha mbili zinazobeba magurudumu. Zikichomelewa kwa kukadiria kwa jicho, ni rahisi gurudumu moja kupinda digrii 1 kutoka kwenye mwelekeo wa safari. Digrii 1 haionekani kwa macho. Lakini gurudumu lililopinda kiasi hicho huburutwa kando karibu meta 17 katika kila kilomita 1 ya safari. Katika safari ya kilomita 10, hizo ni meta 170 za tairi kusugua ardhi bila faida. Tairi linakwisha mapema, ng'ombe wanachoka, na mshono wa ekseli unapindwapindwa hadi unapasuka. Mkulima husema ng'ombe ni dhaifu au tairi ni bovu, kumbe tatizo lilizaliwa karakanani siku ya kwanza.

Na mkokoteni haukatiki siku ya mapumziko. Hukatika ukiwa na mzigo, na mzigo huwa mkubwa wakati wa mavuno, pamba inapopelekwa kituo cha kununulia. Anayekwama njiani hulipa mara tatu: hulipa usafiri mwingine, hulipa fundi, na hupoteza siku. Kwa mfanyabiashara wa dagaa ni vibaya zaidi, kwa sababu mvua haimsubiri fundi.

Fundi naye ana visababu vyake, na baadhi ni vya haki. Mteja hutaka kitu leo na kwa bei ya jana. Umeme wa njia moja mwishoni mwa laini huwa dhaifu, na mashine ikikosa nguvu, mshono hulala juu ya chuma bila kuingia ndani. Unapendeza kwa nje, ndani hakuna kitu. Kijiti cha milimita 2.5 huhitaji takriban ampea 60 hadi 100 kuyeyusha vizuri. Chini ya hapo, fundi anapaka rangi ya chuma tu.

Lakini yapo makosa ambayo hayana udhuru. Vijiti vya kuchomelea vikiachwa wazi kwenye unyevu wa ziwa hunyonya maji, na mshono wake hujaa vitundu. Debe lenye mfuniko mzuri linatosha kuvihifadhi. Kutu na rangi visipokwanguliwa kwanza hubaki ndani ya mshono. Chuma kinene kisipochongwa mshazari kwenye kingo, moto haufiki katikati. Na mshono mrefu ukichomelewa mfululizo upande mmoja, chuma hupoa kikijivuta na kupinda. Fundi anayeweka nukta kwanza, kisha akachomelea kidogo upande huu na kidogo upande ule, anaishinda hali hiyo bila kutumia senti ya ziada.

Lipo pia suala la uhai. Miwani ya jua haizuii mwali wa kuchomelea. Macho yanayowaka usiku kama yametiwa mchanga yameungua, na yakiungua kila wiki mwisho wake ni mbaya. Ngao ya uso yenye kioo namba 10 au 11 ndiyo inayofaa kwa kazi za kawaida za kijiti. Pipa lililowahi kuwa na petroli au dizeli lisiguswe na moto wa kuchomelea bila kusafishwa kikamilifu, hata kama limekaa tupu mwaka mzima, kwani mvuke uliobaki hulipuka. Viwanda viliweka roboti kwenye kuchomelea kwa sababu ya faida, lakini pia kwa sababu kazi hiyo huumiza watu. Karakana isiyo na roboti inadaiwa tahadhari zaidi.

Nini kifanyike

Wapo wanaoshauri kwamba vikundi vikope, vinunue roboti, vianze mara moja. Ushauri huo unaharakisha mno. Mkono wa kuchomelea pamoja na vifaa vyake hugharimu makumi ya maelfu ya dola za Marekani, unahitaji umeme usioyumba, gesi, waya na mtaalamu wa kuurekebisha. Hulipa pale kipande kimoja kinapotengenezwa maelfu kwa maelfu. Karakana ya Guta leo inatengeneza geti, kesho inaziba rejeta, keshokutwa inaunga plau. Kwa kazi za namna hiyo mikono ya mtu bado haina mpinzani, kwa kuwa mtu anaona, anafikiri na anabadilisha njia.

Kinachowezekana mwaka huu ni mafundi wa Guta na Bunda kukubaliana vipimo. Upana wa mkokoteni uwe mmoja, urefu wa ekseli uwe mmoja, matundu ya bolti yawe na nafasi moja, na kalibu ziwe za aina moja. Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ekseli ikivunjika Guta, nyingine iliyotengenezwa Bunda itaingia bila kukatwa wala kuongezwa, na mkulima ataondoka baada ya saa moja badala ya siku mbili. Fundi ataweza kutengeneza ekseli 10 wakati wa kiangazi, akaziweka akiba hadi mavuno. Huo ndio mwanzo wa kiwanda. Hakuna nchi yenye roboti leo iliyoruka hatua hiyo.

SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ina nafasi ya wazi hapa. Inaweza kutengeneza kalibu chache zilizopimwa kwa uhakika na kuziazimisha kwa mafundi, kama maktaba inavyoazimisha vitabu. CAMARTEC na TEMDO za Arusha zina wataalamu wa zana na michoro. Michoro hiyo itolewe kwa Kiswahili, kwenye karatasi moja inayoweza kubandikwa ukutani, pamoja na vipimo vyote kwa milimita. Utafiti unaoishia kabatini haujamfaa mkulima.

VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, iendelee kufungua mlango kwa fundi aliyejifunzia mtaani, apimwe na apewe cheti kwa kazi anayoiweza. Miradi mikubwa ya mabomba na meli haichukui mtu kwa maneno. Inachukua mtu aliyefaulu mtihani wa mshono. Sanjari na hilo, vyuo viwe na walau mkono mmoja wa roboti wa kujifunzia. Hata mdogo wa mezani unaocheza na vipira unatosha kumfundisha kijana viungo 6, vipimo na programu. Mchezo huo usidharauliwe. Lordstown ilitanguliwa na mpira wa gofu.

Halmashauri nazo zina fedha. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha vijana wa kuchomelea kikija na mpango wa kalibu, mashine nzuri, ngao za uso na daftari la wateja, kipewe uzito uleule unaopewa kikundi cha bodaboda. Aidha, TANESCO iangalie maeneo yenye karakana nyingi na kuyapelekea umeme wa njia tatu wenye nguvu ya kutosha. Uzalishaji wa umeme nchini umeongezeka tangu Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lianze kuzalisha mwaka 2024. Fundi wa mwisho wa laini naye aonje matunda yake.

Mwisho, mnunuzi asijivue lawama. Anayepigania kupunguziwa bei hadi fundi akaacha kuchonga kingo za chuma amejinunulia safari ya kukwama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kabla ya kulipa, mkulima apime umbali wa matairi mawili kwa kamba, mbele na nyuma, ukitofautiana, akatae. Kwa tanki la maji, mshono upakwe chokaa upande wa nje na mafuta ya taa upande wa ndani. Doa likitokea kwenye chokaa, pana tundu, na tanki lioshwe vizuri baada ya jaribio hilo. Amtake fundi agonge alama yake kwenye chuma, ili kazi nzuri imletee sifa na kazi mbovu irudi kwake. Vipimo hivi havihitaji shule wala fedha, na vikizoeleka vitamlazimisha fundi kupima kuliko semina yoyote.

Roboti haiogopi fundi anayechomelea haraka, maana haraka ni shughuli yake yenyewe. Fundi atakayebaki sokoni ni yule anayejua kwa nini mkokoteni wa mteja wake hukatika palepale kila mwaka, akapabadilisha, akapima, na akatoa wa pili unaofanana na wa kwanza. Msimu wa pamba hufunguliwa Mei. Kalibu ya ekseli hutengenezwa kwa siku chache. Karakana za Guta na Bunda zina muda wa kutosha kuanza kabla ya mzigo wa kwanza kupakiwa.